Stafingi yangu iligeuka uji: mkate wa duka unafaa kweli kwa Krismasi?

Swali: Mtaalamu, habari ya kazi. Naishi Umoja, Nairobi. Krismasi hii kaka yangu anakuja kutoka Marekani na mkewe, mzaliwa wa Atlanta, na tukijumlika tutakuwa watu kumi na wanne. Wifi amesema kitu anachotamani kila Desemba ni stafingi, ule mkate wa kukatwakatwa unaookwa na vitunguu na viungo na kuliwa na kuku. Mwaka jana nilijaribu kwa mkate wa kawaida wa duka nikajazia ndani ya kuku. Ulitoka umelowa kama uji, na kidari cha kuku kimekauka. Je, mkate wetu ndio haufai? Nijazie ndani au nioke kando? Tena naweza kuandaa mapema? Oveni yangu ni ya stima, na stima ya huku kwetu haina miadi.

Jibu: Dada yangu, salamu nyingi kwenu Umoja. Mkate wetu unafaa, na stafingi uioke kando. Ukiwa na haraka unaweza kuishia hapo, lakini uji wa mwaka jana una chanzo chake, na usipokijua utakupata tena hata ukinunua mkate wa bei gani.

Chanzo ni maji. Mkate mweupe wa duka, hata ukiwa umekaa kabatini siku mbili, bado zaidi ya theluthi ya uzito wake ni maji. Ukiumwagia supu, hauna pa kuiweka. Nje unalowa na kubomoka, ndani unabaki na ladha ya mkate mtupu. Kazi ya kwanza ya mpishi wa stafingi ni kuyatoa maji hayo, kisha kurudisha mengine yaliyo na ladha.

Hapo ndipo ule ushauri wa “tumia mkate wa jana” unapowaponza watu. Mkate uliolala huwa mgumu, kweli, lakini ugumu si ukavu. Wanga ulioiva hujipanga upya na kukaza mkate ukipoa, na jambo hilo hutokea hata ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ambamo maji hayana pa kutokea. Kwenye friji hutokea upesi zaidi. Ukitaka kuamini, chukua kipande kilicholala ukipashe kwenye kikaango: kitalainika tena, maana maji yake hayakwenda popote.

Kwa hiyo kausha kwa moto. Kata mkate vipande vya mraba vya sentimita 2 hivi, uvitandaze kwenye trei bila kuvipandanisha, uweke oveni kwenye nyuzi 130, uviache dakika 45 hadi saa moja, ukivigeuza mara mbili. Usiongeze moto ili umalize mapema. Mkate wetu una sukari na mafuta, hivyo nje hugeuka kahawia kabla ndani hakujakauka, na shabaha yako hapa si kuutosti. Chukua kipande cha katikati ya trei ukivunje: kikilia “ka” hadi kiini chake, tayari, kikikunjika hata kidogo, rudisha. Mwenye mizani apime. Mkate wa gramu 800 ukikauka sawasawa hubaki kama gramu 550.

Wapo watakaokwambia uanike juani kama tunavyoanika mboga. Mahali penye jua kali na upepo huenda ukafanikiwa, lakini mvua za vuli mara nyingi huacha hewa ya Nairobi na unyevu, na mkate laini kwenye unyevu huota ukungu kabla haujakauka. Ukiona doa la kijani kwenye kipande kimoja, usikate doa ukabakisha mengine. Tupa mkate wote.

Ukubwa wa vipande nao si urembo. Mwaka 1972 kampuni ya General Foods ya Marekani ilianza kuuza Stove Top, stafingi ya boksi inayoiva juu ya jiko kwa dakika chache. Jina la kwanza kwenye hataza yake (hati ya kulinda uvumbuzi), iliyotolewa 1975, ni la Ruth Siems, mtaalamu wa upishi aliyefanya kazi kwenye kampuni hiyo. Jambo ambalo hataza hiyo ililinda halikuwa viungo. Lilikuwa umbo na ukubwa wa chembe za mkate uliokaushwa, maana hizo ndizo zinazoamua mkate utanywa maji namna gani. Zikiwa ndogo mno zinageuka rojo, zikiwa kubwa mno zinabaki na kiini kigumu. Kwa hiyo usiusage mkate na usiufikiche. Kama supamaketi ya karibu inaoka mikate yake na inauza mkate mzima ambao haujakatwa, nunua huo ukate mwenyewe. Kama ni ule uliokwisha kukatwa, chana kila kipande kwa mkono mara tisa au kumi. Kingo zisizo sawa hushika siagi vizuri kuliko kingo za kisu. Mkate wa kahawia unaweza kuchukua nusu. Mkate wa maziwa na wenye zabibu, hapana.

Kwa watu kumi na wanne, mkate mmoja wa gramu 800 unatosha. Najua utaona ni kidogo, lakini mezani patakuwa na pilau, chapati na kachumbari, na hakuna atakayeacha chapati ya Krismasi ili ajaze sahani kwa stafingi, isipokuwa labda wifi yako.

Kwa mkate huo tayarisha siagi gramu 150, vitunguu maji vikubwa vitatu, mabua manne ya seleri pamoja na majani yake, na punje tatu za kitunguu saumu. Siagi iwe siagi. Majarini itakupa mafuta, lakini haitakupa ile harufu ambayo ndiyo nusu ya stafingi yenyewe. Seleri huenda mama mboga wa mtaani asiwe nayo. Soko la City Park kule Parklands huwa nayo, na supamaketi kubwa pia. Ukiikosa kabisa, tia pilipili hoho moja ya kijani. Usitie karoti. Mkate wetu tayari una utamu, na karoti itauongeza mpaka chakula kielekee kuwa keki.

Kaanga vitunguu na seleri kwenye siagi kwa moto wa wastani mpaka vilainike kabisa, dakika 15 hadi 20. Mapishi mengi ya Kimarekani husema dakika 8, lakini mengi yao yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Mboga inayoiva kwa maji yake yenyewe huchelewa kulainika. Ukiitoa mapema utatafuna seleri mbichi ndani ya mkate laini, na hakuna oveni itakayoirekebisha baadaye.

Viungo ni vitatu: seji, thaimu na rozmari. Seji ndiyo mkubwa wao. Harufu yake ndiyo mtu wa Marekani au Uingereza anayoijua kama harufu ya stafingi, na ukiiacha utapika kitu kitamu ambacho wifi hatakitambua. Ukiipata mbichi, katakata vijiko vikubwa viwili. Ikiwa kavu, vijiko vidogo viwili vinatosha, maana kavu ni kali mara tatu. Thaimu kavu kijiko kidogo kimoja. Rozmari ni rahisi, imejaa kwenye nyua za watu Nairobi, ila omba kwa mwenye bustani badala ya kuchuma ua la kando ya barabara lenye masizi ya matatu. Tia kidogo sana, kijiko kidogo kimoja kilichokatwakatwa, kwa kuwa rozmari hupenda kutawala. Vyote vitatu vitie kwenye siagi dakika mbili za mwisho vitoe harufu. Pilipili manga usiionee haya, inasaidia kukata ule utamu wa mkate. Dania weka kwenye kachumbari, huku haina kazi.

Sasa supu. Hapa sisi tuna bahati. Kama utapika kuku wa kienyeji, lazima utamchemsha kwanza ndipo umwoke au umkaange, na maji yale aliyochemkia ndiyo supu bora ya stafingi unayoweza kupata mahali popote. Ukiwa na kuku wa gredi, chemsha shingo, miguu, ncha za mbawa na kitunguu kimoja kwa saa moja na nusu. Firigisi zikiiva, zikatekate uzichanganye humo ndani. Ule unga wa mchuzi wa pakiti uache leo. Una chumvi nyingi na bizari, na wanga uliomo huifanya supu kuwa nzito isipenye kwenye mkate.

Kuchanganya ndiko kunakotaka mkono wa polepole. Weka mkate mkavu kwenye beseni kubwa, mwagia mboga pamoja na siagi yake yote, geuza mpaka kila kipande kipate mafuta. Kisha tia supu ya vuguvugu nusu lita, geuza kwa mikono, na uache dakika kumi. Usiongeze kitu kabla ya dakika hizo kumi kuisha. Mkate mkavu hunywa taratibu, na mtu asiye na subira huona mkavu, akaongeza, akaongeza, kisha vyote vinanyweka kwa pamoja na kuwa rojo. Baada ya hapo ongeza kikombe kwa kikombe. Kwa kawaida nusu lita ile itafikia mililita 800, pengine 900. Kipimo changu ni kubonyeza kipande kati ya vidole: kiwe laini hadi ndani lakini kisidondoshe tone, na chini ya beseni kusiwe na kidimbwi. Onja chumvi hapohapo, kabla ya mayai. Kijiko kidogo kimoja na nusu kinatosha mara nyingi, kikizidi mkate utakwambia. Mwisho tia mayai matatu yaliyopigwa. Hayo ndiyo yatakayoshika vipande visisambaratike mtu anapopakua.

Mimina kwenye trei kubwa iliyopakwa siagi, au mbili za kati, kimo kisizidi sentimita 5. Usishindilie. Nafasi zilizo katikati ya vipande ndizo zinazopitisha mvuke. Oka nyuzi 180, dakika 30 za kwanza ukiwa umefunika kwa karatasi ya alumini, kisha funua dakika 20 hadi 25 mpaka juu pawe kahawia na pakwaruze. Oveni nyingi za nyumbani husema uongo kuhusu joto lake, kwa hiyo kama unaweza, nunua kipimajoto cha nyama. Kitakufaa na kwa kuku pia. Katikati ya trei kisome 74.

Namba hiyo 74 ndiyo inayojibu swali lako la ndani au kando. Kuku mbichi anapoiva, maji yake hudondokea kwenye mkate uliomo tumboni, na maji hayo huweza kuwa na salmonella. Ili mkate huo uwe salama, katikati yake pafike nyuzi 74. Lakini joto hufika tumboni mwisho kabisa, likiwa limekwisha kupita kwenye kidari, hivyo mpaka stafingi iwe salama kidari kimekwisha kukauka. Ukimtoa kuku mapema ili kuokoa kidari, unawalisha wageni mkate uliolowa maji ya kuku mbichi. Mwaka jana ulipata vyote viwili, uji na ukavu, kwa sababu hiyo hiyo. Isitoshe, kuku wa gredi wa kilo moja na robo hubeba vikombe viwili tu tumboni, na wewe una watu kumi na wanne.

Wanaotetea ndani husema mkate hupata mafuta ya kuku. Ni kweli, na mafuta hayo unaweza kuyapata bila hatari. Yanayodondoka kwenye trei ya kuku aliyekwisha kuiva yachote vijiko vinne au vitano, uyanyunyize juu ya stafingi unapoifunua. Tumboni mwa kuku weka nusu ndimu, kitunguu na tawi la rozmari, vitu vya kutoa harufu na kutupwa. Ukipata bata mzinga badala ya kuku, sheria ni ileile, na kwake ni kali zaidi kwa sababu tumbo lake ni kubwa na moto huchelewa kulifikia.

Kuhusu wifi wa Atlanta, nina ushauri ambao hukuuliza. Mpigie simu umuulize kwao walikuwa wakitumia mkate gani. Kusini mwa Marekani, Georgia ikiwemo, nyumba nyingi hazitumii ngano tupu. Hutumia mkate wa mahindi, huoka kwenye trei, na wengi huita dressing. Huenda anachokikumbuka ni hicho. Na kama ni hicho, uko mahali pazuri kuliko unavyodhani, maana unga wa mahindi na mala havikosekani dukani kwenu. Changanya unga wa mahindi vikombe viwili, ngano kikombe kimoja, bekingi pauda kijiko kikubwa kimoja na chumvi kijiko kidogo. Piga mayai mawili na mala vikombe viwili na siagi iliyoyeyuka gramu 60. Unganisha bila kupiga sana, oka nyuzi 200 kwa dakika 25 hadi 30. Usitie sukari. Wao hutumia mahindi ya njano au meupe, sisi tuna meupe. Rangi huenda ikatofautiana, ladha haitakuwa mbali. Ukishapoa ubomoe vipande vikubwa, uukaushe kama ule mwingine lakini kwa muda mfupi kidogo, na utumie nusu yake pamoja na mkate wa ngano wa gramu 400. Mahindi pekee hubomoka sana mkononi mwa asiyeyazoea.

Ukiongeza soseji, hakikisha unajua imetengenezwa kwa nyama gani na nani mezani hali nguruwe. Mimi singeongeza. Firigisi zinatosha.

Kuandaa mapema inawezekana, ila usiandae yote. Mkate ukaushe tarehe 22 au 23, uache upoe kabisa, uufungie kwenye debe au chombo kisichopitisha hewa. Tarehe 24 kaanga mboga na uchemshe supu, uweke kwenye friji. Tarehe 25 asubuhi pasha supu, changanya, oka. Usichanganye usiku ukalaza: mkate uliolowa wenye mayai mabichi si kitu cha kulaza mahali ambapo stima haiaminiki. Friji iliyofungwa bila kufunguliwafunguliwa hushika baridi kama saa nne stima ikipotea. Ikizidi hapo, usibahatishe na supu wala mboga zilizokaangwa, pika upya. Mkate mkavu hauna shida, ndiyo maana tumeukausha kwanza. Mabaki yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Kwenye friji yatakwenda siku tatu, nne, na yakirudi mezani yapashwe mpaka ndani pafuke mvuke.

Na stima ikipotea asubuhi ya Krismasi yenyewe, oka kwa makaa, vile tulivyookea keki kabla ya oveni. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mawe matatu bapa chini, trei juu ya mawe, mfuniko, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, dakika 45 hivi. Fanyia uani au nje kabisa kwenye hewa, kamwe si ndani ya nyumba, kwa sababu hewa ya sumu itokanayo na makaa haionekani na huua. Kama una mtungi wa gesi, ni rahisi zaidi: paka siagi kikaango kizito, tandaza stafingi kwa kimo cha sentimita 3, funika, moto mdogo kabisa dakika 20, kisha ipindue kwa sahani na uirudishe upande wa pili dakika 10 bila kufunika. Itakuwa na ukoko juu na chini, na hapo utalazimika kuigawa mwenyewe, la sivyo watoto watakwangua ukoko wote kabla wifi hajafika mezani.